Nani Mwenye Kusema Basi? Habari za Michezo ya Kupigana na Majeraha Yake

Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imenipa kazi ya kuandika habari za michezo ya kupigana, na jinsi ya kujikinga na kuuguza majeraha yake. Sababu yao naielewa. Ukihesabu watoto wa jamaa zetu wa hapa Champlin, na wa Brooklyn Park, na wale wa Anoka ng'ambo ya mto Mississippi, utakuta nyumba nyingi zina mmoja au wawili wanaovaa nguo nyeupe za mazoezi na mikanda ya rangi. Huyu karate, yule judo, mwingine taekwondo, na mwenzao mieleka ya shule. Wazazi wao hufanya kazi za zamu hospitalini na katika nyumba za kulea wazee, kwa hiyo kuwapeleka watoto na kuwarudisha kumekuwa kazi yetu sisi tuliostaafu. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya kungojea, na nimesikiliza sana. Swali ninalolisikia kila mara ni lile lile: mtoto huyu ameshapona, arudi mazoezini, au bado?

Nilipoanza kulitafutia jibu nilidhani nitaandika habari za dawa na bandeji tu. Lakini kila nilipozidi kusoma, na kukumbuka mambo ya kwetu, niliona jambo jingine. Mahali popote ambapo watu waliweza kupigana kwa mchezo, mwaka hadi mwaka, bila ya kuumizana vibaya, walikuwa wamekwisha kukubaliana mapema nani mwenye haki ya kusema basi. Na karibu kila mahali haki hiyo haikuachwa mikononi mwa anayepigana peke yake. Hilo ndilo nitakalolieleza hapa, kwa mifano.

Ya kwetu Pwani

Kwanza vijana wasije wakadhani kwamba michezo hii yote imetoka Japani na Korea. Pwani ya kwetu ina mchezo wa kirumbizi, ambao watu wa Lamu huucheza katika harusi na katika sherehe za Maulidi. Wawili huingia uwanjani na fimbo, wenzao wakiwa wamewazunguka duara, na ngoma na zumari zinalia. Mchezaji hodari hutambulikana kwa wepesi wa mguu na kwa macho yake, na fimbo yake hufuata ngoma. Anayepiga kwa hasira hutoka katika mwendo wa ngoma, na duara zima humwona. Kwa hiyo hata kabla ya mzee yeyote kunena, hasira imekwisha kufichuka.

Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, iko sherehe ya Mwaka Kogwa, inayoadhimisha mwaka mpya wa jua na ambayo watu huihusisha na Nairuzi ya Waajemi. Siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Wanaume wa upande mmoja wa mji huwakabili wa upande wa pili, nao hupigana kweli kweli mbele ya watu. Zamani walitumia fimbo. Baadaye fimbo ziliachwa, yakashikwa mapande ya migomba. Wanawake, waliovaa nguo zao nzuri kabisa, huwazunguka na kuimba. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, na mambo ya mwaka uliopita huhesabiwa kuwa yamekwisha. Aliyepigwa hana ruhusa ya kuondoka na kinyongo.

Hebu tuitazame hekima iliyomo. Pande la mgomba lina maji mengi na nyuzi laini. Likimpata mtu begani hupasuka lenyewe, na mfupa hubaki mzima. Watu wa Makunduchi hawakuwakataza vijana wao kupigana, bali walibadilisha chombo. Tena waliuwekea ugomvi wenyewe mpaka wa mahali na wa saa. Na juu ya hayo, hakuna anayepigana faraghani. Mama, shangazi na dada wako pale pale, na kila mtu anajua kwamba jioni watakula pamoja. Mambo hayo matatu, yaani chombo kisichovunja mfupa, mpaka unaojulikana, na watu wa pembeni wenye macho, ndiyo msingi wa usalama katika kila mchezo wa kupigana nilioupata kuusoma.

Mjapani aliyeitwa Kano

Mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, kijana mmoja ambaye hajatimiza hata miaka 22 alifungua chuo kidogo akakiita Kodokan. Jina lake ni Jigoro Kano. Watoto wetu hucheka wakisikia jina hilo, kwa maana kwa Kiswahili kano ni ule uzi mgumu unaofunga msuli na mfupa, ndio unaoumia kila siku mazoezini. Kano alijifunza jujutsu, ambayo ilikuwa elimu ya vita ya wapiganaji wa zamani, na ndani yake kulikuwa na mapigo na mikunjo ya viungo ya kumlemaza adui. Yeye alitaka elimu hiyo iwe malezi ya vijana, ichezwe leo na kesho na kesho kutwa. Basi mapigo na mbinu za hatari aliziweka kando, zifanywe kwa mpango maalumu tu ambapo kila mtu anajua mwenzake atafanya nini. Katika kushindana kwa uhuru aliruhusu zile tu ambazo mtu anaweza kuangushwa nazo akasimama tena. Judo ikazaliwa hivyo, na mwaka 1964 ikaingia katika Olimpiki mjini Tokyo.

Somo la kwanza la judo ni kuanguka, kabla ya kumwangusha mtu. Mwanafunzi hufundishwa kukunja kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, kuugeuza mgongo uwe mviringo, na kuupiga mkeka kwa mkono mzima, kuanzia kiganja mpaka karibu na bega. Kwa njia hiyo nguvu ya kuanguka hugawanyika mahali pengi badala ya kuangukia mfupa mmoja. Asiyefundishwa hunyosha mkono kujizuia, na uzito wote wa mwili huishia kwenye kifundo cha mkono au kwenye kiwiko. Sisi wa Minnesota tunalijua jambo hili hata tusiokanyaga mkeka wa judo. Kuanzia Novemba hadi Machi, njia zetu zikiwa na barafu, ni wazee wangapi wa jamaa zetu wamevunjika kifundo cha mkono kwa sababu walinyosha mkono? Nimewaona wajukuu wakiwafundisha babu zao kuanguka juu ya zulia la sebuleni, na wala sikucheka.

Judo pia ina desturi ya kugonga. Ukibanwa kiungo au ukikabwa, unamgonga mwenzako au mkeka mara mbili, naye ni lazima akuachie papo hapo. Desturi hii humpa mpiganaji mwenyewe haki ya kusema basi, nayo ni nzuri sana, kwa sababu kiwiko kinachokunjwa humpigia mwenyewe kelele kabla hakijavunjika. Lakini ubongo haupigi kelele namna hiyo. Aliyetikiswa kichwa huenda asihisi maumivu makubwa, tena akili anayoitumia kujipima ndiyo hiyo hiyo iliyoumia. Hapo kugonga hakumsaidii.

Hata Japani penyewe ukweli huo ulijulikana kwa gharama kubwa. Mtafiti Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alikusanya habari za wanafunzi waliofariki katika judo ya shule tangu mwaka 1983, akakuta kwamba katika muda wa kama miaka thelathini walikuwa zaidi ya 100. Wengi waliumia kichwa, na wengi walikuwa wanafunzi wapya, ambao walitupwa chini na wakubwa wao kabla hawajajua kuanguka vizuri. Nchini Ufaransa, ambako wachezaji wa judo ni wengi kuliko Japani, sheria ya mwaka 1955 ilikataza mtu kufundisha judo bila ya kuwa na cheti cha serikali. Baada ya hesabu za Uchida kutangazwa, Wajapani walianza kuangalia upya mafunzo ya walimu wao, na mwaka 2022 chama chao cha judo kiliondoa mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi, kwa kuwa tamaa ya ushindi ya wakubwa ilikuwa imewazidi watoto nguvu.

Karate, judo na sinema

Afrika Mashariki ilianza kuzijua elimu hizi kwa wingi katika miaka ya 1970. Dar es Salaam alikuwako Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu katika Shule ya Sekondari ya Zanaki. Vijana aliowafundisha wakawa walimu wa wengine. Zanzibar judo ilipata nguvu katika miaka ya 1990 kwa juhudi za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia huko. Huona ajabu nikifikiri kwamba Mmarekani alivuka bahari kuwafundisha watu wa Dar es Salaam karate, na leo wajukuu wa watu hao wanajifunza karate hapa Marekani, ukingoni mwa Mississippi.

Lakini waliojifunza kwa mwalimu walikuwa wachache. Sisi wengine tulijifunza sinema. Picha za Bruce Lee zilipofika Dar es Salaam na Mombasa, kila ukuta ulipigwa teke na kila mti ukapigwa ngumi. Hakuna aliyetueleza kwamba shujaa wetu mwenyewe, mwaka 1970, aliumia mgongo vibaya akinyanyua vyuma, inasemekana kabla hajaupasha mwili moto kama ilivyompasa. Alilazimika kulala na kupumzika kwa miezi mingi, na madaktari walitia shaka kama atapiga teke tena. Muda huo aliutumia kusoma na kuandika. Picha zilizomfanya maarufu duniani alizicheza baada ya kuugua huko, na ya mwisho aliyoikamilisha ilitoka mwaka 1973, mwaka aliofariki. Yaani yule kijana wa mtaani aliyekuwa akipiga ukuta alikuwa anamuiga mtu aliyepona kwa kungoja.

Kinshasa na Las Vegas

Sasa nitaeleza mapigano mawili ya ngumi, maana yanatufundisha tofauti kati ya jeraha linaloonekana na jeraha lisiloonekana.

La kwanza ni lile la Kinshasa, nchini Zaire kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Muhammad Ali na George Foreman walipangiwa kupigana tarehe 25 Septemba 1974. Siku chache kabla yake, Foreman akiwa mazoezini, kiwiko cha mwenzake kilimpasua juu ya jicho la kulia. Serikali ilikuwa imetoa mamilioni ya dola, na waandishi wa dunia nzima walikuwa wamekwisha kufika. Pamoja na hayo pambano liliahirishwa, na watu wote wakangoja wiki tano mpaka jeraha lifunge. Walipigana tarehe 30 Oktoba, usiku wa manane, na Ali akashinda katika raundi ya nane. Hakuna mtu aliyemwambia Foreman ajikaze tu. Damu ilionekana na kila mtu, na ngozi iliyopasuka ingepasuka tena kwa ngumi ya kwanza.

La pili lamhusu ndugu yetu Robert Wangila wa Kenya. Mwaka 1988, mjini Seoul, alikuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Wengi wetu twaikumbuka furaha ile. Baadaye alikuja Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David Gonzalez, na katika raundi ya tisa mwamuzi alilisimamisha pambano. Wangila alilalamika. Aliona amesimamishwa mapema, na kwamba bado ana nguvu. Akatembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka chumba cha kubadilishia nguo, kisha akaanguka akapoteza fahamu. Hakuamka tena. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Simtaji marehemu ili kumlaumu, Mungu amrehemu. Namtaja kwa sababu alikuwa bingwa wa kweli, aliyeujua mwili wake kuliko watu wengi, na hata yeye hakujua alivyoumia. Kama bingwa wa Olimpiki hakuweza kujipima, mtoto wa miaka kumi na miwili atawezaje?

Sheria ya hapa Minnesota

Marekani ilichukua muda kulikubali jambo hilo. Mwaka 1984 madaktari wawili walieleza habari za mchezaji wa kandanda ya Kimarekani aliyefariki kwa pigo dogo tu, kwa sababu alikuwa bado hajapona pigo la kwanza. Ajali ya namna hiyo ni nadra, na wataalamu wanaendelea kujadiliana juu yake, lakini huwapata vijana hasa. Mwaka 2006, katika jimbo la Washington, kijana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aliumia kichwa, akarudishwa uwanjani katika mchezo huo huo, na baadaye akaanguka. Aliokolewa, lakini alikaa miaka mingi akijifunza upya kusema na kutembea. Kwa ajili yake jimbo lile lilitunga sheria mwaka 2009, na majimbo mengine yote yakafuata katika miaka iliyofuatia.

Minnesota iliitunga ya kwake mwaka 2011. Kwa ufupi yasema hivi: kijana akionyesha dalili za mtikisiko wa ubongo, au akishukiwa kuwa nao, mwalimu au mwamuzi ni lazima amtoe. Harudi mpaka dalili ziishe, na mpaka mtaalamu wa afya aliyefunzwa mambo hayo ampime na kutoa ruhusa kwa maandishi. Jamaa wengi wanadhani sheria hii ni ya shule peke yake. La, sivyo. Inahusu pia manispaa, biashara na vyama vinavyoendesha michezo ya vijana kwa kutoza ada. Kwa hiyo chuo cha karate kilichoko kati ya duka la pitsa na kinyozi, ambapo mnalipa kila mwezi, nacho kimo. Msione haya kuuliza karatasi ya daktari, wala msione uchungu mkiulizwa nyinyi.

Ukiitazama vizuri, sheria hii ni Makunduchi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Neno la basi ameondolewa mchezaji, na mzazi mwenye hamu, na mwalimu mwenye hamu, likapewa mtu wa pembeni asiye na faida katika ushindi.

Kisa cha nyumbani

Sheria lakini haikai sebuleni. Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja wa ukoo wetu, wa miaka kumi na mitatu, alipigwa teke la kichwa mazoezini Jumatano jioni. Chuo sitakitaja. Aliambiwa akae kidogo, kisha akarudi kucheza. Nyumbani alisema hajambo. Jumamosi yake palikuwa na mtihani wa mkanda, na ada ilikuwa imekwisha kulipwa.

Aliyeligundua jambo ni bibi yake, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya kulea wazee na amewaona wengi walioanguka. Alisikia mjukuu akiuliza mara tatu kama kesho kuna shule. Akaona anayakimbia macho yake taa ya jikoni. Usiku huo huo akauchukua ule mkanda, akautia katika sanduku lake la nguo na kulifunga kwa ufunguo.

Asubuhi baba wa mtoto alikuja juu. "Mama, ada nimeshalipa, na mwenyewe anasema hajambo."

"Baba," bibi akamjibu, "huyo mwenyewe ndiye wa mwisho kuulizwa."

"Mwalimu wake pia alimwona, na akamwacha acheze."

"Mwalimu ana watoto ishirini. Mimi jana usiku nilikuwa na mmoja."

Walimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, na daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo. Mtoto alikaa nje ya mkeka karibu wiki nne. Alinuna, na baba yake alinuna zaidi, na ikabidi sisi wazee tuende kunywa chai nyumba ile mara mbili ili watu wazungumze. Mkanda aliupata majira ya kuchipua, pamoja na wadogo zake katika mazoezi, jambo ambalo lilimuumiza moyo. Siku hizi ndiye anayewafundisha wageni kuanguka.

Baba yake aliwahi kuniambia, "Ami, hatutajua kamwe kama ingetokea kitu." Ni kweli. Anayesema basi kwa wakati wake hapati ushahidi wa kuonyesha, na pengine hapati hata shukrani. Apata lawama ya ada iliyopotea. Ndiyo maana kazi hiyo ni ngumu, na ndiyo maana yafaa tukubaliane mapema ni ya nani.

Namna ya kuuguza

Sasa niseme machache juu ya kupona, kwa kadiri ya elimu ya leo, maana imebadilika katika maisha yetu wenyewe.

Mwaka 1978 daktari wa Kimarekani, Gabe Mirkin, aliandika kanuni iliyofundishwa dunia nzima kwa kiungo kilichoteguka: pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua mguu. Mwaka 2014 daktari huyo huyo aliandika kwamba barafu nyingi na mapumziko ya muda mrefu huenda yakachelewesha kupona. Barafu kidogo ya kupunguza maumivu siku ya kwanza haina neno. Baada ya hapo mguu ulioteguka huponywa na mwendo wa pole pole: kuugeuza, kuukanyagia kidogo, kisha kusimama juu yake peke yake, na mwisho ndipo kuruka. Mzee hupiga mswaki akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Hiyo nayo ni dawa. Na mafuta ya moto ya mabibi zetu ni mazuri kwa msuli uliochoka, lakini kiungo kilichovimba leo, au kisichoweza kubeba hatua nne, kisikandwe na mtu. Kwanza kipigwe picha.

Kwa kichwa, zamani mtoto alifungiwa chumbani gizani mpaka dalili ziishe. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022, na kutoa ushauri wao mwaka 2023, hawashauri hivyo. Apumzike siku moja au mbili, apunguze televisheni na simu, kisha aanze kutembea tembea hata kama kichwa bado kinauma kidogo. Shule huja kwanza, mchezo baadaye. Mchezo wenyewe hurudiwa kwa hatua sita, kila moja si chini ya siku nzima: kazi za kawaida za nyumbani, matembezi au baiskeli, mazoezi ya mchezo peke yake, mathalani kata bila mwenzake, mazoezi magumu zaidi bila kugusana, kisha, kwa ruhusa ya daktari, mazoezi kamili na mwenzake, na mwisho mashindano. Dalili zikizidi katika hatua tatu za kwanza, huacha na kujaribu tena kesho yake; zikitokea katika hatua tatu za mwisho, hurudi hatua ya tatu. Kuanguka mkekani kungoje pamoja na kugusana, kwa sababu nako hutikisa kichwa.

Na zipo dalili ambazo hazingojei asubuhi. Mtoto akitapika tena na tena, au kichwa kikizidi kumuuma, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, au akilegea upande mmoja, akipata degedege, akisema maneno yasiyoeleweka, au asipoamshika vizuri, pigeni 911 hapo hapo. Msingoje baba arudi zamu.

Shauri langu

Katika mkutano wetu wa kiangazi pale Elm Creek, wakati wa nyama choma, kila nyumba yenye mchezaji ifanye jambo moja dogo. Ichague mtu mmoja mwenye neno la basi, na mtoto aambiwe mbele ya wote ni nani. Asiwe mzazi aliyelipa ada, wala asiwe kaka aliyefika mkanda mweusi. Awe shangazi, bibi, au jirani mwenye macho makali. Akisema basi, habishiwi siku hiyo. Kubishana kutafanyika baada ya daktari. Naye aende kukaa kwenye benchi japo mara moja kwa mwezi, atazame kama watoto wanapasha mwili moto, kama wageni wanafundishwa kuanguka kabla ya kutupwa, na kama mkubwa hamwonei mdogo.

Wahenga walitwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na tulipokuwa wadogo tulidhani ni maneno ya kutisha watoto tu. Walitwambia pia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hizi mbili zaenda pamoja. Ya kwanza ni ya yule mwenye kusema basi, na ya pili ni ya mtoto anayelia kwa kuwa amekosa mtihani wa Jumamosi. Mwambieni Jumamosi ni nyingi.

Nawatakia nyote mwaka mwema wenye afya, na theluji isiwe nyingi.